Mombasa kwa Fokker

Mwaka 1977 nilikuwa karani wa tiketi kwa wakala mmoja wa usafiri Dar es Salaam, kwenye barabara ambayo leo ni Samora na zamani iliitwa Independence Avenue. Kazi yenyewe ilikuwa ya mkono. Ratiba za ndege za dunia nzima zilikaa ndani ya buku nene, ABC, lililotufikia kutoka Uingereza. Tiketi ilikuwa kijitabu chembamba chenye kuponi, kila kuponi na safari yake, na nyuma ya kila karatasi kaboni nyekundu iliyotupaka vidole kutwa nzima. Mama yangu aliiita hina ya ofisini. Ukikosea herufi moja ya jina la abiria, kijitabu chote kinabatilishwa na unakaa kuandika maelezo. Kila shirika la ndege lilitupa vijitabu vyenye jina lake juu, navyo tulivifungia kwenye sefu pamoja na fedha, maana kijitabu kitupu kikianguka mikononi mwa mwizi ni sawa na hundi iliyokwisha kutiwa saini.

Jina hilo la juu ya kijitabu lishikeni. Ndilo lililoamua, Januari ile, nani atasafiri na nani atarudi nyumbani na sanduku lake.

Bosi wetu alikuwa Mgoa mzaliwa wa Unguja, Kiswahili chake cha Mji Mkongwe, akituita wote "mwanangu", hata dereva aliyemzidi umri. Vijitabu vingi katika sefu yake vilikuwa vya East African Airways. Wateja walisema "Airways" tu, wakawa wamemaliza. Shirika hilo lilianza tarehe 1 Januari 1946, ndege zake za mwanzo zikiwa Dragon Rapide, zile za mabawa mawili mawili zilizopaa na abiria wachache. Miaka ishirini baadaye, 1966, likapokea Super VC10, ndege ya injini nne zote zimebanwa mkiani, iliyobuniwa kwa viwanja vya juu na vya joto kama Nairobi. VC10 ikipaa Dar es Salaam, tulioko mjini tulijua bila kutazama saa. Moja ilianguka Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 ikaua watu 43, na kwa muda mrefu baada ya hapo wateja wa Ulaya walikuwa wakiuliza wanapanda ndege ya aina gani. Zilibaki nne.

Ndege za shirika lile zilisajiliwa kwa zamu katika nchi tatu. Yenye herufi 5H ilikuwa ya Tanzania, 5Y ya Kenya, 5X ya Uganda. Lakini hakuna abiria aliyejali. Ungeweza kupanda ndege ya Uganda, rubani Mkenya, mhudumu dada wa Kichaga, ukashuka Dar es Salaam. Shirika lilikuwa moja kati ya manne makubwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, nayo yaligawanywa makao ili kila nchi ipate chake: bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, reli na ndege Nairobi. Jumuiya yenyewe ikakaa Arusha. Katika ramani mgawo huo ulionekana wa haki. Ubaya wake ni kwamba ndege ndizo zilizokuwa na fedha za kigeni, na karakana, na marubani, na vyote hivyo vilikuwa Embakasi.

Kwetu nyumbani, Airways haikuwa London wala Bombay. Mama ni mtu wa Mombasa aliyeolewa Tanga. Kati ya miji hiyo miwili, kwa barabara, kuna Horohoro upande wetu na Lunga Lunga upande wao, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mara nyingi alikwenda kwa basi. Lakini alipopokea mchezo wake wa upatu, na baba akiwa na moyo mzuri wiki hiyo, alipanda Fokker. Ilikuwa Fokker Friendship ya mapangaboi mawili, bawa juu ya madirisha hivi kwamba kila abiria anaona chini. Ilipita mwambao kama daladala ipitavyo vituo: Dar es Salaam, Unguja, Tanga, Mombasa. Mama alisema kabla chai haijapoa umekwisha kuona ngome ya Mombasa. Alivaa kanga mpya, akabeba kikapu cha maembe ya Muheza magotini kwa sababu hakuwaamini wapakiaji, na jioni alikula kwa mama yake. Hakuwahi kufikiri kuwa amekwenda nchi nyingine.

Dalili za ugonjwa zilikuwepo muda mrefu. Tangu Idi Amin alipotwaa nchi Januari 1971, rais wetu, Mwalimu Nyerere, alikataa kukaa naye meza moja, na marais watatu ndio waliokuwa wenye mamlaka ya mwisho juu ya Jumuiya. Mamlaka hayo basi hayakukutana tena. Wakati huohuo kila nchi ilikuwa na shilingi yake na sheria zake za fedha za kigeni. Tiketi ikiuzwa Dar es Salaam, fedha ziko Dar es Salaam. Mafuta na vipuri vinalipiwa Nairobi na ng'ambo. Nairobi ikalia kwamba haitumiwi fedha. Huku tukajibu kwamba Nairobi inakula peke yake. Sisi makarani tuliyajua haya kwa njia ya kawaida kabisa: safari zilianza kufutwa bila sababu kutajwa, Fokker ya asubuhi ikawa ya alasiri, ya alasiri ikawa ya kesho. Magazeti ya kwetu yalikuwa yakiwaita mabepari wa Kenya manyang'au. Tulicheka tukisoma, halafu tukageuka kumuuzia mtu tiketi ya Nairobi.

Mwezi ule wa Januari simu za ofisi ya Airways mjini zilikuwa zinapokelewa, lakini majibu yalibadilika. Zamani ukiomba nafasi unaambiwa ipo au haipo. Sasa dada wa upande wa pili, niliyezoeana naye kwa sauti tu, alianza kuniambia, "Andika, lakini mwambie athibitishe siku moja kabla." Kisha, "Andika, lakini mwambie apige simu asubuhi yenyewe." Kisha akaacha kusema andika.

Tarehe 22 Januari serikali ya Kenya iliunda shirika lake, Kenya Airways. Bosi aliposikia alikwenda kwenye sefu, akatoa vijitabu vyote vya Airways, akavihesabu, akavirudisha, akatia ufunguo mfukoni. "Hakuna kuandika tena juu ya karatasi hii," alisema. Kijana mwenzangu akamwuliza kama shirika limekufa. "Sijui, mwanangu. Lakini sitaki liwe limekufa nami nimeshika kalamu."

Kabla Januari haijaisha ndege zilikuwa zimesimama.

Watu wengi wanadhani shirika la ndege likianguka, wanaoumia ni waliokuwa wapande ndege zake. Mambo hayakuwa hivyo, na ofisini kwetu ilitubidi tulieleze jambo hili mpaka koo likauka. Siku zile karibu mashirika yote makubwa yalikubaliana kupokea kuponi za mwenzake. Wewe unaandikiwa kijitabu cha shirika A, safari ya kwanza unapanda A, ya pili unapanda B, na B anakubali kuponi kwa sababu anajua mwezi ukiisha atamdai A kupitia ofisi ya kulipana ya IATA, chama cha mashirika ya ndege, iliyoanzishwa 1947 kwa kazi hiyo. Kuponi ni deni linalotembea. A akifa, B akikupandisha amekupandisha bure.

Kwa hiyo alikuja mzee mmoja wa Upanga, amevaa suti, tiketi yake ya kwenda London kumwona binti yake. Ndege yake ilikuwa ya shirika la Ulaya, ipo, inafika, inaondoka. Nafasi yake ilikuwa imethibitishwa. Lakini kijitabu kilikuwa cha East African Airways, kwa sababu safari yake ilianza na kipande cha ndani ya nchi na sisi tulitumia karatasi iliyokuwa juu ya rundo. Shirika la Ulaya likamrudisha. Saa hiyohiyo aliingia kijana Mjerumani, mchafu, mfuko mgongoni, aliyetakiwa kupanda Airways mpaka Nairobi na kuunganisha. Ndege yake haipo kabisa. Lakini tiketi yake iliandikwa Frankfurt, kwenye kijitabu cha shirika la kwao. Ilikuwa kazi ya dakika kumi kumbadilishia njia. Mzee alikaa kwenye kiti akitazama mambo yale, akaniuliza kwa upole mno, "Binti, huyu amelipa zaidi yangu?" Alikuwa amelipa kidogo kuliko yeye.

Sikuwa na jibu ambalo mtu wa umri ule angelipokea kutoka kwa msichana wa umri wangu. Bosi alitoka chumbani kwake, akamwamkia, akaketi karibu naye, akamweleza taratibu kwa Kiswahili chake cha Unguja kwamba kilichouzwa hapa ni ahadi, na aliyeahidi ndiye aliyeondoka.

Walikuja wengi. Mfanyabiashara wa vinyago, mzigo wake umekwisha kufungwa kwa maduka ya watalii Nairobi. Mama wa Kipemba aliyekuwa na miadi ya macho hospitalini Nairobi, macho yenyewe yamefungwa kitambaa, ameshikwa mkono na mjukuu. Mwalimu wa Kiganda aliyekuja likizo kwa shemeji yake, ambaye hakuwa na haraka yoyote ya kurudi kwa Amin na nadhani ndiye mteja pekee niliyemwona akipokea habari ile na kuvuta kiti vizuri. Wanawake wawili wa Mombasa waliokuja arusini Kariakoo na kuishiwa fedha, maana nani hubeba nauli ya kurudi akiwa na tiketi ya kurudi mkobani? Hao tuliwatafutia basi. Waliondoka mapema, kwa bahati yao.

Na mashirika mengine, waliokuwa washindani, walifanyaje? Nimewasikia watu wakisema walishangilia. Mimi niliyewapigia simu kutwa nzima sikusikia shangwe. Nilisikia hesabu. Nauli za kimataifa zilikuwa zimepangwa na IATA, hivyo hapakuwa na mtu wa kupandisha bei ghafla. Walichokuwa nacho ni mlango, wakachagua nani aingie. Nauli za punguzo zikawa "zimejaa". Kuponi za Airways hazikupokelewa, ila pale kiti kitakapokuwa kitupu dakika ya mwisho na meneja wa zamu akiwa mtu mwenye huruma. Na wapo waliokuwa hivyo. Karani mmoja wa shirika la Ulaya alikuwa akinipigia jioni na kusema kwa kunong'ona, "Nina viwili kesho, lete wazee." Kijana mwingine wa shirika jingine alikuwa akinijibu kwa sauti ya mtu anayesoma ukutani: akate tiketi mpya, nauli kamili. Siwezi kusema wa pili alikuwa mbaya. Alikuwa na bosi wake, na kila abiria wa bure angeonekana kwenye hesabu ya mwezi.

Hata hivyo, nililiona jambo moja ambalo halikuandikwa gazetini, na miaka yote tangu hapo sijaacha kuliona. Washindani wa shirika linalokufa hawarithi njia zake zote. Wanachagua minofu. Safari ya London haikulala hata wiki. Tarehe 4 Februari Kenya Airways iliruka kwa mara ya kwanza, na Boeing 707 mbili za kukodi kutoka British Midland ya Uingereza. Mashirika ya Ulaya yalikuwa yanatua kama kawaida. Mtu mwenye fedha za kufika Ulaya alifika Ulaya. Lakini ile Fokker ya mwambao, yenye akina mama na maembe, nani angeitaka? Haikuwa na faida kubwa hata ilipokuwa hai. Ilibebwa mgongoni na VC10. Na sasa iliunganisha miji ya nchi mbili zisizosemezana. Njia ya namna hiyo shirika likifa hufa nalo, na hakuna anayetoa tangazo.

Tarehe hiyohiyo ya 4 Februari, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya.

Siku hiyo mji ulikuwa umekwisha kupambwa. Kesho yake TANU na Afro-Shirazi zilikuwa zinaungana kuwa Chama cha Mapinduzi, sherehe kubwa Zanzibar, vitambaa vya kijani na njano kila mtaa, redio inapiga kwaya tangu alfajiri. Habari ya mpaka iliingia katikati ya kwaya. Ofisini tulikuwa na watu wamesimama mpaka mlangoni, na nakumbuka wote waligeukia redio ya dereva wetu, kisha wakanigeukia mimi, kana kwamba mpaka nimeufunga kwa kaboni.

Kwa watu wa utalii ndiyo ilikuwa kiama. Hapo kabla, mtalii wa Serengeti alishukia Nairobi, akapakiwa kwenye gari la Kenya, akaletwa kuona nyumbu wetu na kurudishwa kulala kwao. Kelele za Tanzania juu ya jambo hilo zilikuwa za haki. Tulijenga uwanja mzima wa KIA, uliofunguliwa 1971, ili watu washukie Kilimanjaro, na bado walishukia Nairobi. Sasa mpaka ulipofungwa, magari ya utalii na ndege ndogo za Kenya zilizokuwa upande wetu zikazuiwa. Wageni wakatolewa kwa njia walizopata. Mawakala wenzetu wa Arusha walitupigia wakitaka nafasi za kutoka Dar es Salaam kwenda popote, mradi ni kaskazini. Kuna mzungu aliyepelekwa Ulaya masanduku yake yakiwa Nairobi, hotelini, na funguo za hoteli mfukoni.

Wateja wa kawaida walijifunza jiografia mpya. Nairobi, ambayo ilikuwa karibu kuliko Mwanza, ikawa mbali kuliko Roma. Mtu mwenye shida ya kweli alizungukia nchi ya tatu: anatoka Dar es Salaam, anatua kwa jirani asiye na ugomvi, analala, anapanda shirika jingine, anaingia Nairobi kutoka upande asioutarajia. Niliziandika safari hizo. Zilihitaji kijitabu kirefu na fedha ambazo Benki Kuu haikuwa ikizitoa kwa kila anayemkumbuka shangazi yake. Kwa hiyo wengi hawakwenda.

Tarehe 11 Machi ikaundwa Air Tanzania. Uganda ilikuwa imekwisha kuunda la kwake mwaka uliotangulia. Yakawa mashirika matatu mahali pa moja, matatu yenye wakurugenzi, matatu yenye karakana za kutafuta, matatu yenye sare mpya. Sitaki kuonekana najitia ujuzi baada ya tukio. Siku ile tulishangilia. Dada wa simu za Airways alipata kazi shirika jipya, akanipigia kunipa habari, na kwa mara ya kwanza tulipanga kuonana sura. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Aliniambia kwamba wenzake wengi waliokuwa wamehamishiwa Nairobi walirudi na familia zao na sanduku moja moja, na kwamba mafundi ndio waliokuwa wanagombewa, kwa sababu nchi zote tatu ziligundua wakati mmoja kwamba fundi wa ndege haokotwi.

Shirika jipya lilijitahidi. Mtwara, Tabora, Mwanza, Bukoba, hata viwanja vya nyasi, vilipata ndege tena, na baadaye zikaja Boeing 737. Tanga pia ilipata. Ila Fokker ikitua Tanga sasa ilikuwa imefika mwisho. Inageuza, inarudi Dar es Salaam.

Zile VC10 nne zilirudi Uingereza kwa waliokuwa wakizidai. Jeshi la Anga la huko likazinunua, likazitoa viti, likazitia matangi, zikawa za kugawa mafuta hewani kwa ndege za kivita. Moja yake ni 5H-MMT, iliyosajiliwa kwetu, ambayo nina hakika niliwahi kuijaza abiria kwa kalamu yangu. Ilidumu kuliko zote. Tarehe 25 Septemba 2013, VC10 ya mwisho duniani iliporuka safari ya mwisho, ndiyo hiyo. Jumuiya iliyoinunua ilikuwa imekufa, ikazikwa, na kufufuliwa kwa mkataba mwingine, na ndege bado ilikuwa inaruka.

Mgawanyo wa mali ya Jumuiya iliyovunjika ulichukua miaka. Benki ya Dunia ilimleta msuluhishi wa Uswisi, Victor Umbricht, akazunguka kati ya miji mikuu mitatu akihesabu vichwa vya treni, mabehewa, meli na majengo, mpaka mkataba ukatiwa saini Arusha Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Wafanyakazi wa zamani wa Jumuiya upande wetu waliendelea kudai mafao yao miaka mingi baada ya hapo. Wazee waliokuja kukaa barabarani Dar es Salaam karne hii, na magazeti yakawapiga picha, walikuwa watu wa umri wa dada wa simu.

Nililazimika kukumbuka haya yote Desemba 2018, wakati kampuni ya ndege ya fastjet iliposimama. Ilikuwa imekuja Novemba 2012 na tiketi za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, ikawapandisha ndege watu ambao ukoo wao wote ulikuwa unajua basi tu. Kisha ikasimama siku chache kabla ya Krismasi, msimu ambao Wachaga wa Dar es Salaam wanakwenda kuhesabiwa Moshi. Safari hii hapakuwa na nauli za kupangwa. Bei za siku hizi hujipandisha zenyewe kwa kadiri viti vinavyopungua, hakuna meneja wa kumwomba wala wa kumlaumu. Unafungua simu, namba imebadilika tangu ulipofumba jicho. Kijana wa jirani yangu aliniuliza kama enzi zetu ilikuwa afadhali. Nilimwambia enzi zetu ungekataliwa na mtu aliyekutazama usoni. Akafikiri, akasema anapendelea simu.

Bibi yangu wa Mombasa alifariki 1979, mpaka ungali umefungwa. Habari ilifika Tanga kwa mdomo, imepita kwa mvuvi wa Vanga na kwa mtu wa Moa, mazishi yakiwa yamekwisha zamani. Kulikuwa na njia za kupita, kila mtu wa mwambao anazijua, kwa ngalawa usiku au kwa miguu kwenye mikonge. Lakini mama hakuwa mtu wa kwenda kwao kwa kujificha. Alisema atakwenda siku ambayo ataulizwa anakwenda wapi na kujibu.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata nilichukua likizo nikampeleka, kwa basi. Alikaa Mombasa muda mrefu kuliko alivyomuaga baba, akazuru kaburi, akagombana na kaka yake juu ya minazi, akapatana naye. Wajukuu aliowaacha wanatambaa walimsalimu kwa Kiswahili cha shule za Kenya, akawasahihisha mmoja mmoja. Kisha akaanza kununua. Nyumbani wakati ule hapakuwa na sabuni, mafuta ya kupikia yalikuwa ya foleni, na mtu akivuka kutoka Kenya alirudi na alichoweza kubeba. Mama aliweza kubeba kingi.

Horohoro tulishushwa wote na mizigo ikapangwa chini ya mwembe. Afisa wa forodha alikuwa kijana, sare imepigwa pasi, hana masihara. Alifungua gunia letu akaanza kutoa miche ya sabuni na kuipanga ardhini, mmoja baada ya mwingine, akihesabu kwa sauti.

"Mama, hii ni biashara."

"Hii ni ya kufulia. Nina watu nyumbani."

"Watu wangapi wanafua namna hii?"

Mama akajitanda kanga upya, jambo ambalo kwetu tulijua maana yake. "Sikiliza, mwanangu. Mimi njia hii sikuanza leo. Nilikuwa napita hapa kwa ndege, juu ya kichwa chako, wala sijafungua kikapu kwa mtu. Wewe hujazaliwa."

Yule kijana aliinua macho akautazama mwembe, kisha juu ya mwembe, kama mtu anayeikagua habari hiyo kwa haki. Akainama tena kwenye gunia.

"Sawa, mama. Leo umepita chini. Hii ni kumi na saba, kuna nyingine?"